Vidoti Vyekundu Juu ya Khartoum

Mume wangu Eustaki alikuwa mpima mashamba ya mpunga hapa Katindiuka, Ifakara, akitumia picha za setilaiti, hadi alipostaafu. Siku hizi picha hizo hizo anatafutia vita. Binti yetu Eveline ni nesi Khartoum, na simu yake haipatikani tangu Jumapili. Kila asubuhi Eustaki anasoma wachambuzi wa vita mtandaoni, kisha anafungua ramani inayoweka kidoti chekundu kila penye moto. Jana vidoti viliizunguka hospitali ya Eveline. Eustaki aliona ninavikodolea macho.

"Mama Eveline, usiogope," akasema, akisogeza ramani hadi Ifakara. Bonde letu zima lilijaa vidoti. "Unaona? Hata kwetu vipo. Ni watu wanachoma mashamba tu."

Nilikasirika. Miaka thelathini ya ndoa, leo ananibembeleza kama mtoto wa chekechea!

"Baba Eveline, sisi tunachoma tukisubiri mvua, tupande. Huko mjini wanataka kupanda nini?"

Akairudisha ramani Khartoum. Kidoti kimoja kilikuwa kimeongezeka, na hiki hakikuwa tena pembeni ya hospitali.