Kondoo, Ufunguo na Uongo Niliowaambia Wakwe

Sogea karibu nikueleze polepole, kwa maana kosa ni langu na kondoo hana hatia.

Tulikuwa tumetoka Nyeri kwenda Kangari kumwombea mdogo wangu mchumba. Kwetu mazungumzo ya mahari hayaanzi bila kondoo dume mnono, na wetu alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari langu.

Langoni ni desturi wageni washuke waimbe mpaka wafunguliwe. Nikashuka. Baridi ya kwenye mashamba ya chai ile! Niliacha injini ikinguruma na hita ikiwaka, nikafunga mlango, mnyama asije akapata mafua. Sasa elewa: mlangoni pa dereva pana kitufe kimoja kinachofunga na kufungua milango yote. Kondoo alihamia mbele, akakikanyaga, milango ikajifunga ufunguo ukiwa ndani.

Lango likafunguliwa. Baba wa msichana akachungulia dirishani. Mdogo wangu alinitazama kama mtu anayeona harusi yake ikiyeyuka.

"Sasa huyu anangoja nini?" mzee akauliza.

Ningesema ukweli tu. Lakini aibu, rafiki yangu!

"Anangoja kuimbiwa, mzee. Kwetu Nyeri kondoo hatolewi, anakaribishwa."

"Ati kuimbiwa?" Akawageukia akina mama. "Haya, mwimbieni mgeni."

Wakalizunguka gari kwa nyimbo na vigelegele. Kondoo akajongea dirishani kuwatazama, akaweka kwato palepale. Milango ikafunguka. Mzee akavua kofia. Siku hiyo hiyo mdogo wangu akakubaliwa.

Hapo ndipo ningekiri. Badala yake nikala nyama.

Mwezi uliopita mzee huyo alikuwa akipokea wakwe wengine, kutoka Murang'a mjini, waliokuja kwa ajili ya binti yake wa mwisho. Akawaagiza wamfungie kondoo wao garini, ufunguo ndani, kama watu wa Nyeri. Waliimba tangu asubuhi hadi sauti zikakauka. Kondoo wao akalala. Mchana wakanipigia simu mimi, mtaalamu wa mila.

Nikawaambia wabadilishe wimbo.

Mwishowe walivunja kioo, wakagombana na mzee, wakarudi kwao na kondoo wao. Yule binti hajui kama watarudi. Nimelala na jambo hilo vya kutosha. Jumamosi naenda Kangari kumwambia baba yake kila kitu, halafu Murang'a kuwaomba wale watu msamaha.

Wewe ukishuka garini, zima injini, chomoa ufunguo, ushike mkononi, ndipo ufunge mlango.