Ujumbe Mumoja kwa Wauzaji Wote

Nyumba yangu ya Kadutu niliijenga bila baba, bila diplome, bila kumuomba mutu musumari. Masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa primaire. Bati nilipaka rangi ya bluu, ya pekee yake pale mulimani, ili mutu akiwa chini sokoni aulize ni ya nani, naye aambiwe.

Kazi yangu ilikuwa kununua vitu vya watu, mafrigo, vyerehani, majenereta, na kuvipeleka Kamituga kwa wachimba dhahabu. Zamani nilizunguka mulango kwa mulango. Halafu ukaja ule ukurasa wa matangazo kwenye telefone, ambapo mutu wa Bukavu anaweka picha ya kitu chake na namba yake. Kwenye soko letu mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuuelewa. Wenye diplome waliandikia muuzaji mumoja, wakakaa kungoja. Mimi niliandikia wote.

Lakini kuandika kwangu ni kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Kwa hiyo nilimuomba karani wa parokia anitungie ujumbe mumoja, niuweke ndani ya telefone niwe naurudilia. Aliuanza hivi: "Jambo papa, jambo maman, habari ya nyumba, habari ya watoto." Niliona anaujaza bure. Nikakata salamu zote, nikabakiza hii: "Kingali? Uko kartie gani? Saa gani unakuwa nyumbani? Nakuja leo." Kila asubuhi, kabla ya chai, niliutuma kwa watu arobaini. Wengine walijibu, wengine walinifungia. Nilijiambia ni kupiga hodi tu.

Kisha vita ikaanza kuteremuka kuja kwetu. Ilipofika Minova tulisema bado ni mbali, lakini tulisema hivyo huku tunafunga mizigo. Matangazo yakaongezeka: vitanda, meza, hata mapazia, watu wakitafuta nauli ya kukimbia. Sitaficha, nilifurahi. Niliwatumia wote ujumbe wangu, na asiyejibu nilimurudilia mara mbili, mara tatu. Siku ya tatu ukurasa ulinifungia kwa kuwasumbua watu kwa maneno yaleyale. Nikacheka, nikaendelea kuwatumia kwenye namba zao moja kwa moja.

Siku hiyohiyo saa sita bibi yangu aliingia na telefone yake mukononi. Uso ulikuwa umebadilika.

"Baba watoto, hii si namba yako?"

Ilikuwa kwenye groupe ya wamama wa parokia. Alinisomea: "Ba maman, muangalie hii namba. Iko inauliza batu banakaa wapi na saa gani bako ku nyumba. Haisalimie. Imeshaandikia ba maman kumi na mbili. Ni infiltré, iko inatengeneza liste. Muambie vijana bamutafute mwenyewe." Chini yake mutu mwingine alikuwa ameandika: "Mi namujua. Njo ule wa bati ya bluu."

Wiki ile, infiltré, yaani mutu wa adui aliyejificha kati yetu, lilikuwa neno la kuua. Mbele ya macho yangu, pembeni ya soko, walimupiga mutu mawe kwa sababu ya mufuko tu, kwamba hakueleza vizuri umetoka wapi. Nilikaa kwenye kiti. Nilifikiria ile bati juu ya kichwa changu, inaonekana mupaka ziwani.

"Nikimbie," nilisema.

"Ukikimbia, unakubali kama ni kweli," bibi yangu akajibu. "Mwenye kuandika ni ule maman fundi wa Nyawera, mwenye kuuza cherehani. Twende kwake akuone sura."

Tulitembea mchana kweupe, maduka yamefungwa. Kwenye rond-point, pale barabara zinapokutana, vijana walikuwa wamezunguka telefone moja, na fimbo mukononi. Nilibeba kikapo cha bibi yangu kifuani kama mutoto, tukapita upande wa pili. Sikugeuza shingo.

Maman fundi alikuwa uani na majirani zake wanne. Vijana wawili wa kartie, wa mutaa ule, walikuwa wamekaa ukutani.

"Njo weye?" akaniuliza.

"Njo mimi, maman. Mi ni mununuzi tu."

"Mununuzi haanze na 'kingali'. Hata askari anasalimia mbele ya kukunyang'anya."

Kijana mumoja alishuka ukutani, akasimama nyuma yangu. "Nani alikuandikia ile maneno?"

"Karani wa parokia. Miye nilikata salamu."

"Hii," maman akasema, akaninyooshea telefone. "Soma, tusikie."

Miaka ishirini nilikuwa nimeficha kwamba kusoma kunanishinda. Kwenye mikutano nilivaa miwani, nikashika karatasi, nikatikisa kichwa. Sasa nilianza: "Ki... nga... li." Jasho liliingia machoni. Kwenye neno kartie nilikwama, nikarudi nyuma, nikakwama tena. Kisha yule wa nyuma akacheka.

"Papa, na liste ungeiandika namna gani? Vita itaisha uko bado ku mutu wa kwanza."

Wote walicheka, na bibi yangu pia. Hakuna mutu aliyewahi kunicheka Bukavu. Niliomba Mungu wasimalize haraka.

Maman alichukua telefone yake, akarekodi sauti kwa groupe: "Huyu papa haiko infiltré. Haiko na adabu tu."

Nilimuomba anifungulie namba yangu, maana naye alikuwa ameifunga. Alinitazama. "Vita iishe kwanza, papa."

Wakati wa kurudi mizinga ilisikika upande wa ziwa. Wale wa rond-point walikuwa pale bado. Safari hii nilivuka barabara kwenda kwao, nikawapa mukono mumoja mumoja, nikauliza habari ya mama zao. Mukono wangu ulikuwa maji ya jasho, na nadhani waliona.

Kesho yake nilipanda juu ya nyumba na rangi ya kahawia, ile ya bati zote za kartie. Nilipaka mwenyewe, na nilipaka vizuri.