Asubuhi Mlima Meru Ulipopoteza Kilele

Asubuhi ile haijanitoka moyoni, mwanangu, maana Mlima Meru niliuona hauna kilele. Nilikuwa nakamua ng'ombe nyumbani kwa mama mkwe wangu, juu ya Usa River. Kulikuwa kweupe pee, hakuna wingu. Nikafumba jicho la kulia: mlima mzima. Nikafumba la kushoto: nusu ya juu giza tupu. Yesu wangu! Hata maziwa yalimwagika, sikuyajali.

Wakati huo nilikuwa na watoto watatu wanaofuatana, na nilikuwa nameza vidonge vya uzazi wa mpango kwa siri. Mama mkwe alitaka wajukuu zaidi. Kila Jumapili tukitoka ibadani alinigusa tumbo, "Humu mbona kimya?" Wazee husema mficha uchi hazai, mimi nilikuwa naficha nisizae!

Mama mkwe alinipeleka mwenyewe hospitali ya mjini, kanishika mkono njia nzima. Daktari, binti mdogo tu, alimwamkia shikamoo, akanitia matone, akamulika ndani ya jicho. Akasema mshipa mwembamba wa damu huko nyuma umeziba.

"Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale. "Hapana," nikasema. Akauliza tena, nami nikakana tena, ingawa niliogopa kupofuka.

Mama mkwe akakohoa. "Anameza vidonge vya kuzuia mimba. Viko ndani ya debe la maharage. Nilivikuta zamani, nikavifunika tena."

Alijua! Siku zote zile alijua. Nilitamani ardhi inimeze. Akanigeukia taratibu: "Mama Neema, wajukuu nawataka, sikatai. Lakini hawa watatu nawataka wawe na mama anayewaona."

Daktari alieleza kwamba homoni za vidonge vile, kwa wanawake wachache, huweza kugandisha damu, na bonge likaziba mshipa hata wa jicho. Mwanangu, mpaka leo nashangaa. Kitu kidogo kama punje ya dengu, nakimeza kwa ajili ya tumbo, kumbe damu inakitembeza hadi jichoni! Ametuumba wa ajabu huyu Mungu. Nilibadilishiwa njia ya kupanga uzazi, nikatibiwa, na kilele kikarudi polepole. Pembeni ukungu umebaki.

Sikukatazi vidonge, wengi wanavitumia bila neno. Ninachokukataza ni siri mbele ya daktari. Akikuuliza dawa, taja zote, na vidonge, na sindano, na vijiti vya mkononi, hata kama wewe huviiti dawa. Jicho likififia ghafla, nenda siku hiyo hiyo, usiseme litapona lenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mama mkwe yule tulimzika mgombani, na kila nikiamka nautazama mlima ule kwa ajili yake. Mungu akupe macho ya kuwaona wajukuu wako, na siku ulimi wako ukigoma, akuketishie pembeni mtu wa kukusemea.