Mchi wa Mama Mkwe

Mdogo wangu wa kiume wanamwita Bwana Sikio. Mwaka wa kumi na tisa huu analinda mtambo wa kupimia mitetemo, uliofukiwa shimoni nyuma ya nyumba aliyopewa na ofisi. Tetemeko likitokea upande wa pili wa dunia, mtambo unalisikia na kuchora mistari kwenye karatasi.

Mimi niliishia darasa la saba, akanieleza kwa yai.

"Dada, si unalitikisa ukajua ndani likoje, bila kulivunja? Tetemeko nalo linatikisa dunia. Mawimbi yanayosukuma hupita hata kwenye majimaji. Yanayotikisa kwa ubavu yakikuta majimaji yanafia humo. Yasipofika kwangu, najua yamekutana na chuma kilichoyeyuka huko ndani."

Nikasema Mungu ni fundi.

Mwaka huu ofisi ikamwandikia: karatasi zako zimejaa kelele, mwezi ukiisha hivi tunahamisha mtambo. Akamwangukia jirani mwenye mashine ya kusaga, akidhani kelele ni yake. Yule akafunga siku mbili, kisha akaja mlangoni.

"Bwana Sikio, mashine imelala. Bado nakutikisa?"

Alikuwa bado anatikiswa, saa tano na saa kumi, kila siku.

Kesho yake saa tano nilikuwepo. Nikamwona anatazama karatasi, halafu uani. Mama mkwe wake, aliyekuja kukaa nao miezi mitatu iliyopita, alikuwa anatwanga. Kinu kimekaa juu ya saruji ile ile inayozunguka shimo.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie mkwe asitwange? Kwangu?"

"Basi mkeo."

"Anasema mama yake ataona anafukuzwa."

Wiki mbili zikapita hivyo. Mtu anajua tumbo la dunia, lakini kuvuka ua wake hawezi. Akafikia kuomba mvua inyeshe saa tano. Mimi nami niliomba, ila si mvua, niliomba maneno laini. Nikamwendea yule mama, nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, tukisogeze kinu kule kwenye mchanga, mtambo unasikia sana."

Akalaza mchi chini polepole.

"Kumbe siku zote mkwe wangu ananisikia, ananyamaza, anakwenda kunichora kwenye karatasi?"

Nilichosema baada ya hapo hakikusaidia. Asubuhi alibeba mkoba wake akaondoka.

Siku ya tatu tetemeko kubwa likapiga mbali, ng'ambo ya dunia. Baada ya dakika ishirini hivi mawimbi ya kusukuma yakafika, mistari safi. Ya ubavu hayakupenya. Mahali pake palitulia kama shuka iliyopigwa pasi. Ofisi ilipopelekewa nakala ikajibu kwamba mtambo ubaki.

Mdogo wangu akaingia jikoni na karatasi mkononi. Mkewe, ambaye hakuwa amesema naye tangu mama yake aondoke, alikuwa anakata vitunguu.

"Mke wangu, hebu tazama hii."

"Mpelekee mama akatazame."

Akanigeukia mimi, niliyekuwa naosha vyombo. Nilikwisha kuiona mara mbili. Nikafuta mikono, nikaitazama tena.