Siku nilihesabu balo kwa shapele

Karibia, rafiki yangu, juu hii haya siwezi kuisema kwa sauti: miye, mama wa kanisa, mwenye kuongoza shapele, ile rozari, kila siku ya tano, niliingia katikati ya mchezo wa watoto pale Ndosho nikakalia balo, mpira wao. Ndiyo, nikaikalia.

Tulipokimbia vita Masisi, kambini kila kitu kilikuwa nusu, nusu ya unga, nusu ya sabuni, hema moja familia mbili. Sasa tumeisha pata nyumba Ndosho, napita kwenye tere, kiwanja cha balo, naona wasichana wengine wanacheza kumi na moja kwa kumi na moja, na Riziki wangu (miaka kumi, na tangu tulikimbia alikuwa anajibu kwa kichwa tu) wamemuweka pembeni, wanne kwa wanne, kwenye kipande kama jiko yangu, magoli ni mawe mbili mbili za volkano. Moyo ikawaka. Nikasema, hata balo wanatupatia nusu juu tuko wakimbizi!

Ningeuliza tu. Lakini hapana, nikaingia mbio, kamambili ya mguu moja ikabakia nyuma, nikakamata balo, nikakaa juu yake, na kikwembe niliyojifunga ikapasuka (miye sikusikia, watu ndio walisikia).

"Inuka, mama," kochi Bahati, mwalimu wao wa balo, akaniambia pole pole.

"Siinuki! Mutoto wangu si wa nusu!"

Mama mmoja muuza makala ya kupikia akapiga kelele: "Mumuache, analalia yai!"

Watu wakakufa na kicheko. Riziki akaficha uso ndani ya shimizi.

"Mama, wote wa umri wake wanaanzia hapa," kochi akasema. "Uko na shapele? Kila mara Riziki anagusa balo, sogeza tungu moja, ushanga moja tu."

Nikainuka, nikatoa shapele, naye akamuingiza Riziki kwanza kwa wakubwa. (Kuhesabu najua, nilisoma masomo ya mangaribi, ya watu wazima, nikiwa na batoto wane.) Nikangoja, nikangoja. Tungu mbili, na ya pili ni balo ndio ilimupiga mugongoni. Kisha akamurudisha kwa wanne, dakika sawa sawa na kule, na vidole vyangu vikachoka, nikamaliza makumi mbili, tungu ishirini, naanza ya tatu, njo nikasikia: "Lete! Niko hapa!"

Nikageuka nione ni mutoto wa nani. Ni wangu.

"Kule kwenye tere kubwa anaweza kujificha," kochi akasema. "Hapa, akinyamaza, balo haimufikie."

Nikakaa kwenye jiwe, mikono nyuma kushika kikwembe, nikamushukuru Mungu nikilia.

Leo Riziki ndiye anapanga wenzake kwenye tere, na nyumbani ananiitia, "Mama, lete chumvi!" nami nailetaka mbio kabisa. Sitakalia tena balo ya mutu mbele ya kuuliza. Na wewe, ukiona mama anakasirika juu wamemuweka mutoto wake kwenye tere ndogo, umuambie habari yangu. Jina taja. Ya kikwembe, acha.