Mabonge ya Tata Wangari

Kuna wakati, mwanangu, niliamini kwa roho yangu yote kwamba udongo mwekundu wa Ruiru ni mwizi. Kijana wa duka la mbegu pale Githurai 45 ndiye aliyenijaza: eti udongo wetu una kutu ya chuma, na kutu hiyo hukamata samadi na kuificha ndani ya mabonge, mahindi yakalala njaa. "Vunja yote, boss," akasema. "Ukiyaacha unalisha chuma."

Nikamwamini kuliko pasta.

Shamba lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la Tata Wangari, dada wa baba, na ndilo lililomlisha. Hakuwa na kingine. Alikuwa amevunjika mguu, akaniachia misimu miwili. Nikaleta trekta, likapita mara tatu. Mabonge yaliyobaki nikayaponda kwa mgongo wa jembe hadi udongo ukawa laini kama unga, kuku wakizama hadi shingoni. Na mahindi yakatoka! Ningepanda juu ya moja ningeiona Thika yote. Nikatembea Ruiru nimetunisha kifua.

Msimu wa pili nikarudia. Mvua ikaja, ule unga ukateremka mtoni kama uji wa wimbi. Kilichobaki kikakauka kama sakafu ya simiti, mahindi yakaishia magotini, manjano tupu.

Tata akaja na magongo yake. Akalitazama shamba, kisha akalipuka.

"Haiya! Kariuki, mabonge yangu yako wapi?"

"Niliyavunja, Tata. Yalikuwa yanaiba samadi."

"Yanaiba? Hiyo samadi aliimwaga mama yangu, na mama yake kabla yake! Wewe umeipeleka wapi?"

Mwaka ule Tata alikula vya kuchangiwa kanisani, mwanamke ambaye hakuwahi kuomba jirani hata chumvi. Hasira yake ya siku ile ninayo mpaka leo, na leo naimwaga kwako, kwa sababu nimeliona trekta ulilolisimamisha langoni mwangu. Lirudishe! Chimba shimo la mbegu tu, mabua yaache yaoze palepale, samadi iwekwe kila msimu. Mungu akupe mikono yenye subira, na watoto wako wale wasiombe.

Nikiwa na mvi tayari nilijiandikisha masomo ya jioni, nitafute jibu la swali lile la Tata. Mwalimu wa kilimo, msichana mdogo kuliko wewe, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia:

"Mzee, majani na samadi vikioza hushikamana na udongo wa mfinyanzi na ile kutu ya chuma, vijidudu visivifikie upesi. Ndiyo maana hukaa ardhini miaka na miaka, mimea ikipata kidogo kidogo. Ulipovunja mabonge, vijidudu vilikula akiba yote kwa mpigo. Mahindi yakanona mara moja, na sehemu kubwa ikapanda hewani, kama pumzi unayoitoa sasa. Kuirudisha ardhini kutachukua miaka mingi kuliko uliyobakiza."