Ukuta Ulioguswa na Wanawake

Mama Generose, jirani yetu wa Kavimvira, alipofiwa na mume alisema atajijengea mwenyewe. Shemeji yake André, mwenye nyumba ya matofali na bati, alicheka mpaka akashika tumbo. Mama akamwacha acheke. Akachimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na mchanga, akaumwaga katikati ya mbao mbili zilizosimamishwa, na wanawake wenzake wakaushindilia kwa michi ya kutwangia majani ya sombe. Ukuta ukapanda tabaka juu ya tabaka, mnene kama mkono wa mtu mzima ulivyo mrefu. Aliuanza mwaka wa uhuru, akajenga kila alipopata mbao za kuazima. Waasi walipoingia Uvira, kazi iliyobaki ilikuwa kupaka tu.

Asubuhi moja kamanda wao akaja, akaugonga ule ukuta kwa ngumi, akaupenda. Akasema jioni wanahamia humo, maana risasi haiwezi kuupita. Minye nilikuwa pale kando nachambua mchele. Nikajiuliza: si wamenyunyiziwa mai ya dawa, na risasi zikiwafikia zinageuka maji? Sasa ukuta mnene ni wa nini? Nikaendelea kuchambua.

Mama Generose naye hakubishana. Mwiko wa ile dawa tuliujua wote: mpiganaji akiguswa na mwanamke, nguvu yake inakwisha. Akaita wanawake wa mtaa mzima, akakoroga matope na mavi ya ng'ombe, wakapaka kwa mikono ndani na nje, mpaka kizingiti cha mlango. Akawaomba waache alama za viganja.

Jioni wapiganaji wakafika na mikeka yao. Mama akawakaribisha kwa heshima kubwa, akawaonya tu waingie polepole, mlango iko mwembamba, na humu hakuna mahali ambapo mwanamke hakugusa.

Kamanda akasema ukuta si mwanamke, akamwamuru kijana wake aingie. Kijana akavitazama vile viganja, vingine bado vibichi.

“Kamanda, weye ndiye mkubwa,” akasema. “Tangulia, minye niko nyuma yako.”

Kamanda akaona ghafla kwamba mule ndani hakuna hewa. Wakajitwika mikeka, wakaenda kulala kwa André.

Kulipokucha André akaja akinong'ona, anaomba wale wanawake waende kwake haraka na matope yao. Mama Generose alikuwa anamenya mihogo, wala hakuinua kichwa.

“Umechelewa, shemeji. Wamekwisha kuingia. Tukipaka mlango wako leo, watatokea wapi?”